UZI: Kuhamisha mazimwi kutoka mfumo mmoja wa mchezo kwenda mwingine, yafike yakiwa bado mazimwi

Mwendeshaji_Dunga (mwenye uzi), Kisumu

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi tunaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani: Dungeons & Dragons (D&D), Pathfinder, Call of Cthulhu, Savage Worlds na mingine ya ukoo huo. Kuna swali linalorudi kila mara kwenye vikundi vyetu, Kisumu hadi Nakuru: nimepata zimwi zuri kwenye kitabu cha mfumo huu, meza yangu inacheza mfumo ule, nifanyeje? Na jibu linalotolewa karibu kila mara ni hesabu. Toa hii kwenye 20, zidisha ile kwa mbili, umemaliza.

Nasema wazi kwamba hapo ndipo zimwi linapokufa. Kinachopaswa kuhama ni kazi ambayo zimwi linafanya mezani. Linasimama zamu ngapi kabla halijaanguka? Linahitaji mapigo mangapi kumlaza shujaa? Linawalazimisha wachezaji kufanya nini ambacho wasingefanya bila hilo? Ukiwa na majibu ya hayo matatu, namba unazitafuta kwenye mfumo unaokwenda, na unazitafuta mwisho.

Nitumie ogre, lile jitu la rungu, kwa sababu yuko karibu kila kitabu. Kwenye kitabu cha mazimwi cha AD&D, D&D ya zamani, cha 1977 ana kinga 5 (ugumu wa kumgonga), uhai wa d8 nne, yaani dadu nne za pande 8, ukiongeza 1 (wastani 19), na pigo lake ni 1 hadi 10. Kwenye toleo la tano la D&D, la 2014, huyo huyo ana kinga 11, uhai 59, na rungu linalotoa wastani wa 13.

Enzi zile kinga ilihesabiwa kwa kushuka: namba ikiwa ndogo ndiyo ngumu kupenya. Tangu toleo la tatu, mwaka 2000, inapanda. Njia ya mkato inayojulikana ni kutoa kinga ya zamani kwenye 20, kwa hiyo 5 inakuwa 15. Ukiifuata unapata ogre wa kinga 15 na uhai 19. Waliounda toleo la tano wakamwandika 11 na 59. Wameyatoa wapi hayo? Tupige hesabu.

AD&D kwanza. Mpiganaji wa leveli ya 3, mkuki mkononi, hana nyongeza ya nguvu. Anahitaji 13 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 ili amgonge ogre, yaani nafasi 40 kwa 100. Mkuki dhidi ya kiumbe kikubwa unatoa 1 hadi 8, wastani 4.5. Kwa hiyo kila zamu, ukichanganya na anazokosa, anatoa wastani wa 1.8. Uhai 19 ukigawa kwa 1.8 unapata zamu 10 na nusu hivi.

Sasa toleo la tano. Mpiganaji wa leveli ya 3, nyongeza ya 5 ya kugonga, mkuki ameushika kwa mikono miwili: d8 na 3 juu yake, wastani 7.5. Dhidi ya kinga 11 anahitaji 6, nafasi 75 kwa 100. Wastani wa zamu ni 5.6. Gawa 59 kwa 5.6. Zamu 10 na nusu.

Hakuna namba hata moja iliyobaki kama ilivyokuwa, na bado ogre anasimama muda uleule mbele ya mkuki uleule. Sasa mjaribu yule wa njia ya mkato, kinga 15 na uhai 19, mbele ya mpiganaji huyu wa toleo la tano: anagonga nafasi 55 kwa 100, anatoa wastani wa 4.1, ogre anaisha zamu ya nne au ya tano. Mashujaa wanne wakimzunguka, raundi ya pili ikianza amekwisha. Wachezaji wako hawatamkumbuka.

Upande wa pili ni vilevile. Mpiganaji wa leveli ya 3 wa AD&D ana d10 tatu za uhai, wastani 16.5, na ogre anampiga wastani wa 5.5. Mapigo matatu. Wa toleo la tano mwenye nyongeza ya 2 ya ustahimilivu ana uhai 28, na ogre anampiga 13. Mawili yanamwacha akipumua kwa 2, la tatu linamlaza. Mapigo matatu tena.

Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza, na inachukua dakika kumi na kalamu. Chagua shujaa mmoja wa kawaida wa mfumo unaotoka, mpambanishe na zimwi kwa wastani. Chagua mwenzake wa mfumo unaokwenda. Kisha panga kinga na uhai mpaka zamu zilingane. Karibuni.

---

Dadu_za_Menengai, Nakuru

Boss, hesabu ya mkuki nimeirudia mwenyewe na imekaa sawa. Swali langu ni dogo. Sisi huku tunacheza Old-School Essentials, na asiye na deraya kule anaanza na kinga 9. Ile ya kutoa kwenye 20 inafanya kazi?

---

Mwendeshaji_Dunga, Kisumu

Hapana, hapo unatoa kwenye 19, ili 9 iwe 10. Wa AD&D wanaanzia 10, ndiyo maana kwao ni 20. Na kwako wewe hesabu tupu inatosha, kwa sababu AD&D na Old-School Essentials ni za damu moja: dadu za uhai ni d8 zilezile, mashujaa wana uhai unaokaribiana, panga inatoa 1 hadi 8. Nyoosha kinga, acha mengine yote. Kelele yangu ni kwa wanaovuka mto, si wanaohama nyumba ndani ya boma lilelile.

---

Binti_Mumias, Kakamega

Asante kwa uzi, ndugu yangu. Mimi naona kinga na uhai ni sehemu nyepesi. Shida iko kwenye uwezo wa pekee. Mfano, yule maiti anayenyonya uhai, wight. Kwenye AD&D akikugusa leveli moja imekwenda, hakuna dadu ya kujiokoa. Wachezaji wangu wakubwa wanasimulia mpaka leo jinsi walivyokuwa wakimkimbia. Nimemleta kwenye toleo la tano kama alivyoandikwa humo, na vijana wakasimama mbele yake bila wasiwasi wowote.

Na la pili, kwa wasio na dadu ya pande 20: sisi tunatumia vifuniko vya soda, ishirini, namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya mfuko wa kitambaa. Ukichomoa kifuniko ni lazima ukirudishe na mfuko utikiswe kabla ya mwingine kuchomoa. Kisiporudi, nafasi zinabadilika na hizo asilimia zote za hapo juu zinavurugika.

---

Mwendeshaji_Dunga, Kisumu

Dada, umegusa penyewe. Uwezo wa pekee ndio roho ya zimwi, na ndio unaopotea njiani mara nyingi zaidi.

Wapo wa aina mbili. Kuna uwezo ambao ni namba, na huo unahama kwa uwiano. Troll ni mfano mzuri. Troll wa 1977 ana dadu 6 za uhai na 6 juu yake, wastani 33, na mwili wake unajiponya pointi 3 kila raundi. Hiyo ni kama asilimia 9 ya uhai wake. Troll wa toleo la tano ana uhai 84 na anajiponya 10, karibu asilimia 12. Anayehamisha 3 kama 3 amemnyang'anya troll utroll wake, maana 3 kati ya 84 haionekani hata kwenye karatasi. Uwiano ukibaki, wachezaji watajikuta wanatafuta moto au asidi, vinavyozuia kujiponya huko, kama walivyofanya wenzao wa 1977. Kutafuta huo moto ndiyo kazi ya troll mezani.

Kisha kuna uwezo ambao ni hofu, na huo hauna uwiano. Wight ni wa hapa. Wa toleo la tano akikunyonya unarusha dadu ya kujiokoa, ugumu 13. Ukishindwa, kikomo cha uhai wako kinapungua kwa kiasi alichokupiga. Lakini kikomo hicho kinarudi chote ukipata mapumziko marefu. Ukilala usiku mmoja umepona, kwa hiyo vijana wako walikuwa sahihi kutomwogopa, mfumo umewaambia hivyo.

Uliza: kwenye AD&D hofu ilitoka wapi? Ilitoka kwa kupoteza kitu ulichokichuma kwa vikao vingi, na kisichorudi kwa kulala. Basi kwenye toleo la tano tafuta kitu kisichorudi kwa kulala. Mimi ningeandika hivi: kikomo cha uhai kilichonyonywa hakirudi mpaka aliyekunyonya aangamizwe, au mpaka mgonjwa afikishwe kwa mtu anayejua tambiko lake. Hapo hapo una safari mpya, na wight amerudi kuwa mtu wa kukimbiwa. Usirudishe kunyonya leveli. Toleo la tano halikujengwa kwa kushusha leveli, utatumia nusu ya kikao kurekebisha karatasi za wahusika huku wengine wamekaa.

Kuhusu vifuniko: wengine wote wasome aya ile tena. Mfuko ni mzuri kabisa alimradi kifuniko kinarudi.

---

Mwalimu_wa_Bungoma, Bungoma

Habari zenu wote. Ninaendesha Call of Cthulhu na klabu ya wanafunzi wa kidato cha tatu na nne, Ijumaa baada ya masomo. Vijana wameniomba linani, yale mazimwi ya hadithi za bibi zetu wa Kibukusu. Mwendesha mchezo mwingine amenipa karatasi yake ya linani ya toleo la tano la D&D: kinga 13, uhai 76, pigo la wastani wa 13, na uwezo wa kumeza mtu mzima. Naona wazi kwamba haiwezi kuingia kwetu hivi ilivyo. Mwenye uzi, ungeanzia wapi?

---

Mwendeshaji_Dunga, Kisumu

Mwalimu, shikamoo. Ningeanza na mwili wa binadamu. Kwenye toleo la saba la Call of Cthulhu uhai ni afya ukijumlisha ukubwa wa mwili, gawa kwa 10. Mtu wa kawaida anaangukia kama 11. Na habari kubwa ni kwamba hapandi. Mpelelezi, yaani mhusika wa mchezaji, aliyenusurika visa vingi bado ana 11 yake. Pigo la 13 linalomwacha mpiganaji wa D&D amesimama linamwua mpelelezi wako papo hapo.

Kwa hiyo usitafute zamu 10 na nusu. Kwenye mfumo wako zimwi halipo ili lipiganwe. Lipo ili ligunduliwe, liogopwe, na lishindwe kwa kujua siri yake. Lile swali la tatu, la nini linawalazimisha wachezaji, linameza yale mawili ya kwanza.

Linani wa hadithi anafanya nini? Anameza. Mtu, kisha mbuzi, kisha boma. Na katika hadithi nyingi za mazimwi huku kwetu, waliomezwa hawafi. Wako mle ndani, hai, mpaka mtu akate kidole cha zimwi na wote watoke na ng'ombe wao. Angalia sasa karatasi uliyopewa. Nina hakika mwenzako amechukua kumeza kwa mnyoo mkubwa wa zambarau wa D&D: aliyemezwa haoni, amebanwa, anaunguzwa na asidi kila zamu, na akitoa madhara 30 kwa zamu moja akiwa ndani, mnyoo unaweza kumtapika. Hayo ni ya mnyoo. Linani hana asidi. Ondoa madhara yote ya tumboni.

Kwa meza yako: kumwona linani ni 0/1D6 ya akili, yaani anayejiokoa hapotezi kitu, anayeshindwa anapoteza 1 hadi 6. Kumwona akimmeza mtu unayemjua, ongeza. Silaha za kawaida zinamrudisha nyuma, hazimwui. Aliyemezwa yuko hai na anaweza kusema, sauti yake inasikika, na mchezaji wake anaendelea kucheza akiwa ndani pamoja na wanakijiji wengine waliomezwa kabla yake. Hiyo ni muhimu kwa klabu: mtoto asikae pembeni saa nzima kwa sababu mhusika wake amemezwa. Na mle tumboni ndiko kuna mzee anayejua habari ya kidole.

---

Mwalimu_wa_Bungoma, Bungoma

Marahaba. Mzee wa tumboni ninamchukua. Nilikuwa nimepanga siri ya kidole waipate kwenye daftari la zamani shuleni, lakini hii inampa aliyemezwa kazi. Wale wa nje wanajua linani aliko, wa ndani wanajua jinsi ya kumshinda, na wanapaswa kuzungumza kupitia ngozi yake. Vijana watalipenda hilo.

---

Nyar_Ahero, Kisumu

Omera, nimesoma mpaka hapa na ninafurahi. Lakini nina jambo. Kwenye kikundi kimoja mtu ameweka karatasi ya Luanda Magere kama zimwi la kupigwa, changamoto 12, "kinga dhidi ya silaha zote". Mimi ni wa Kano. Kwetu Magere si zimwi. Ni shujaa aliyewalinda watu wake, na jiwe lake liko, watu hulitembelea. Mnaonaje?

---

Mwendeshaji_Dunga, Kisumu

Nyar Ahero, nakuunga mkono bila kusita. Kitabu cha mazimwi ni rafu moja tu ya mchezo. Shujaa wa watu hawekwi kwenye rafu hiyo ili avunjwe kwa ajili ya pointi za uzoefu. Anayemtaka mezani amweke upande wa wachezaji: kiongozi wanayemtumikia, au babu wa mmoja wao, au jiwe ambalo wawindaji hunolea mikuki yao.

Na hata kwa upande wa kanuni tu, ile karatasi imekosa kiini cha simulizi. Mwili wa Magere ulikuwa kama jiwe, silaha haziingii. Nguvu yake ilikuwa kwenye kivuli. Mke aliyetoka kwa Lang'o, maadui wa watu wake, aliligundua alipoagizwa amchanje dawa kivulini wakati mumewe anaumwa, akapeleka habari kwao, na vitani mkuki ukachomwa kivulini. Kuandika "kinga dhidi ya silaha zote" bila kivuli ni kuandika ukuta. Wachezaji watapiga, watakosa, watakasirika.

Anayetaka kujifunza kutoka simulizi hiyo abuni mlinzi wake wa jiwe, jina lingine, mahali pengine. Kwenye toleo la tano kivuli kiwe shabaha ya pili yenye kinga na uhai wake mdogo, kinachoonekana tu pakiwa na mwanga. Mara moja wachezaji wanaanza kufikiria saa ngapi wapigane, nani ashike mwenge na asimame wapi. Adhuhuri pale Kano jua likiwa utosini kivuli kiko chini ya miguu, jioni kimenyooka hatua nyingi. Kwenye Call of Cthulhu usihangaike na kinga ya kivuli hata kidogo: akijua siri na akiwa karibu, mkuki mmoja unatosha, kazi yote ilikuwa kuijua siri.

---

Nyar_Ahero, Kisumu

Hapo tumeelewana. Nitamwambia yule ndugu aubadilishe jina na ahamishe mahali. Ile ya jua nimeipenda sana.

---

Chep_wa_Kapsabet, Nandi

Salamu kutoka vilimani. Meza yetu inacheza Pathfinder, toleo la pili la 2019. Nina chemosit niliyemwandika kwa toleo la tano la D&D: mguu mmoja, anatembea kwa kujiegemeza fimbo kama mkuki, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa, anaimba watoto wafikirie kuna ngoma porini wamfuate. Ana mapigo matatu kwa zamu na wimbo wa kuvuta watu, kujiokoa ugumu 14. Niguse nini?

---

Mwendeshaji_Dunga, Kisumu

Chep, huyo anatisha hata kwenye simu. Gusa vitu vitatu.

Kwanza usilete kinga wala nyongeza ya kugonga hata moja. Pathfinder ya pili inajumlisha leveli kwenye karibu kila kitu, na ukizidi lengo kwa 10 ni pigo kuu. Tofauti ya leveli tatu au nne kati ya zimwi na mashujaa inabadilisha pambano zima. Anza kwa kuamua leveli, kisha nenda kwenye majedwali ya kuunda viumbe ya mfumo huo na uchague kwa kila kitu: juu, wastani au chini. Chemosit ningempa mwili wa wastani, kinga ya chini kidogo kwa sababu ya mguu mmoja, na utashi wa juu.

Pili, futa mapigo matatu. Kule kila mmoja ana vitendo vitatu kwa zamu, na pigo la pili lina adhabu ya 5, la tatu 10. Mapigo matatu ya toleo la tano yanafika yakiwa moja na nusu. Mpe badala yake kitendo kimoja kinachounganisha kuruka kwa fimbo na kupiga. Mguu mmoja na fimbo ndiyo umbo lake. Mwendo wake uwe wa kushtua: anasimama kimya, kisha yuko mbele yako.

Tatu ni wimbo, na hapa Pathfinder inakupa zaidi ya ulichokuwa nacho. Toleo la tano linakupa kushinda au kushindwa basi. Pathfinder ina matokeo manne, na kila moja liandikwe. Aliyefaulu kabisa hausikii tena usiku huo. Aliyefaulu anausikia, anageuza kichwa tu. Aliyeshindwa anatumia kitendo kimoja kila zamu kuelekea kwenye mwanga. Aliyeshindwa vibaya anakwenda kwa vitendo vyote na anawaambia wenzake kwamba kuna ngoma kule, twendeni. Hiyo ya nne mpe mchezaji aiigize mwenyewe. Na kumbuka alama ya kulemaza: kama wimbo unamwondoa mtu kabisa pambanoni, walio juu ya leveli ya zimwi wanapata tokeo moja bora zaidi. Iandike kwenye karatasi, wenzako wa mezani wataiuliza.

---

Binti_Mumias, Kakamega

Swali la haraka: tukishahamisha, tunaruhusiwa kuchapisha kijitabu na kukiuza pale mjini?

---

Mwendeshaji_Dunga, Kisumu

Kwa toleo la tano la D&D, hati yake ya msingi, SRD 5.1, iliwekwa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons BY 4.0. Unaweza kuitumia hata kwa biashara ukitaja chanzo kama wanavyoagiza. Ogre, troll na wight wamo. Beholder na mind flayer hawamo, hao waache. Mifumo mingine ina leseni zake, soma ya kila mmoja. Chemosit na linani ni wa hadithi za watu, hakuna kampuni inayowamiliki, lakini taja mnapowatoa na msiwachore kama mapambo.

---

Dadu_za_Menengai, Nakuru

Boss, la mwisho. Jumamosi tunamleta linani kwenye Savage Worlds. Nimempa ustahimilivu d12 na ukubwa 3, kwa hiyo ugumu wa mwili 11. Kupigana d6, kinga ya mkono 5. Mashujaa wana nguvu d8 na mikuki ya d6. Imekaa?

---

Mwendeshaji_Dunga, Kisumu

Kinga ya mkono 5 iko sawa. Ugumu 11 ni mzito kwa mikuki hiyo. Nguvu d8 na mkuki d6, bila dadu kulipuka (ikiangukia namba yake ya juu inarushwa tena na kujumlishwa), juu kabisa ni 12: 7 na 5. Kumtikisa kunahitaji 11, na jeraha moja kwa moja linahitaji 15, yaani bila mlipuko haliji. Mfumo huu hauna hazina ya uhai ya kupunguza taratibu, kwa hiyo wachezaji watapiga raundi nzima na hakuna kinachoandikwa. Shusha ustahimilivu uwe d8, ugumu unakuwa 9. Hapo wanamtikisa mara kwa mara, na akitikiswa tena kabla hajajikusanya inakuwa jeraha.

Mfanye mhusika mkuu anayevumilia majeraha matatu, siyo wa ziada anayeanguka kwa jeraha moja. Na kidole kiweke chini ya kanuni ya kulenga kiungo: anayekubali adhabu ya kulenga sehemu ndogo hivyo, na kidole kikakatika, waliomezwa wote wanatoka hata kama linani bado hajapata jeraha hata moja. Waambie kanuni hiyo ya kulenga ipo mwanzoni mwa kikao, kabla zimwi halijatokea, ukiwafundisha kwa fisi au mwizi wa ng'ombe. Kidole chenyewe usikitaje. Kisha weka karatasi hapa Jumapili tuone raundi zilikwenda ngapi.